Nitubu Nisichokosea, Ndipo Niione Harusi ya Binti Yangu?

Mpendwa Shangazi Twila,

Nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, nimezaliwa kanisani, nimefunga ndoa hekaluni, nimelea binti zangu wawili humo humo, nimewafundisha nyimbo watoto wa kata yetu, yaani usharika wetu, hapa bonde la Sanpete mpaka wengine sasa wana ndevu, na tangu asubuhi nimeshavunja bakuli mbili, moja kwa bahati mbaya.

Yote yalianzia kwa mjukuu wangu. Binti yangu mkubwa, Shaylene, alijifungua mtoto njiti majani yalipoanza kupukutika, wakamwita Anders, akakaa hospitalini kwenye kile kisanduku chao cha joto mpaka theluji ikaanguka, na alipotoka alitoka na mrija wa oksijeni puani na kimashine kinacholia kila akikosa hewa. Mtoto huyu hashikwi ovyo. Ukimlaza chali anabanwa, ukimsimamisha sana mrija unachomoka, na mtu pekee anayejua kumweka sawasawa ni mama yake.

Sasa wewe unajua ilivyo kwetu mtoto anapopewa jina na baraka mbele ya kanisa: wanaume wenye ukuhani, na kwetu karibu kila mwanamume anao, wanasimama duara, kila mmoja mkono mmoja chini ya mtoto na mwingine begani kwa jirani yake, baba anasali, na mama anakaa kwenye benchi akiangalia migongo ya makoti. Shaylene aliomba kitu kidogo. Hakuomba kusali, hakuomba ukuhani, aliomba tu akae katikati ya duara amshike mwanawe huku Colter, mume wake, akisali. Alhamisi tulienda, mimi na yeye, kwa Askofu Thorup, ambaye siku za kazi anauza matrekta na ni mtu tunayemfahamu tangu akiwa mvulana wa kurusha mawe kwenye mabanda yetu ya bata mzinga, akasema, "Sioni ubaya wowote, Dada Shaylene. Mshike mwanao." Tukatoka tukikumbatiana. Ndugu wa Colter wakaendesha gari kutoka Idaho. Mimi nikashona gauni jeupe la mtoto lenye tundu la kupitishia mrija.

Jumapili yenyewe, tumeshavaa, tumeshafika, askofu akatusimamisha kwenye ukumbi wa nje. "Nimefikiria tena," akasema. "Haitawezekana. Kuna utaratibu."

Shaylene akamuuliza, "Utaratibu huo haukuwepo Alhamisi?"

"Dada, usilifanye jambo hili kuwa gumu. Ni siku ya furaha."

Shangazi, mwanangu akanyamaza. Miezi yote ile ya hospitali alikuwa akibishana na madaktari kama wakili, na pale akanyamaza kwa sababu ndivyo nilivyomlea. Akamkabidhi Colter mtoto, akakaa benchi la pili karibu yangu, mikono yake mitupu juu ya mapaja.

Wanaume wakapanda jukwaani, sita, na mume wangu Garth akiwemo, na askofu akiwemo. Wakaanza kile kitendo chao cha kumrusharusha mtoto taratibu ili atulie. Colter akasema maneno mawili matatu ya mwanzo, Anders akaanza kulia, kisha kilio kikakatika, na kile kimashine kikaanza kulia badala yake. Mrija ulikuwa umetoka. Wanaume sita, Shangazi! Wafugaji, mafundi, mmoja ameshazalisha ng'ombe kwa mikono yake, na wote wamesimama wanatazamana kama wameulizwa swali la hesabu.

Shaylene alisimama. Akaniangalia. Nikamshika mkono nikapanda naye, nikapenya kwenye duara, nikasema, "Sogea, Garth," naye akasogea. Shaylene akamchukua mwanawe, akamgeuza, akarudisha mrija, mashine ikanyamaza. Kanisa zima likapumua. Colter akafuta macho, akafumba, akaendelea kusali, na kwa muda mfupi ikawa vile vile tulivyoomba iwe.

Ndipo askofu akakifunika kipaza sauti kwa kiganja chake akasema, "Dada, mrudishe mtoto ukae chini, tuendelee."

Nikasema, na kipaza sauti hakikuwa kimefunikwa vizuri, "Askofu, huyu mtoto alikaa tumboni mwa nani? Mwako?"

Kuna mtu nyuma aliguna. Kuna mtoto alicheka. Askofu akawa mwekundu mpaka masikioni, akampungia mkono mpiga kinanda, tukaimba wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba, na Anders akarudi nyumbani na nusu ya baraka. Mpaka leo ana nusu ya baraka.

Wiki hiyo hiyo tuliitwa ofisini kwa askofu, mimi na Garth. Akaniambia nimeudharau ukuhani mbele ya watoto. Nikamwambia mtoto mmoja alikuwa anakosa hewa. Akasema hilo lilikuwa linashughulikiwa. Nikamuuliza na nani. Akaninyang'anya kazi ya kufundisha nyimbo, kisha akaomba kibali changu cha kuingia hekaluni, akakitia kwenye droo, akasema atanirudishia nitakaposimama mimbarini Jumapili ya ushuhuda, siku ambayo kila muumini ana ruhusa ya kusema, na kutubu kwa maneno yangu mwenyewe. Kisha akanitajia hayo maneno yangu mwenyewe.

Na hapo ndipo kilipo kisu, Shangazi, kwa sababu binti yangu mdogo, Brynn, anafunga ndoa na mchumba wake Tate mwezi wa tano kule hekaluni juu ya kilima, na asiye na kibali haingii. Nitakaa bustanini na watoto wadogo na wapiga picha wakati mwanangu anaolewa nyuma ya ukuta. Askofu analijua hilo. Alilitaja. "Fikiria harusi, Dada Nedra," akasema, kwa upole, kama mtu anayekupa peremende.

Tulipoingia garini nikamuuliza Garth, "Mbona umekaa kimya?"

"Ulitaka niseme nini, Ned?"

"Chochote. Hata ungekohoa."

"Sema tu umekosea, tuingie hekaluni, yaishe."

"Sikukosea."

"Nani kasema umekosea? Nimesema sema."

Nilishuka nikatembea nyumbani kwa miguu, na upepo ule wa kwetu unaujua.

Na wanawake wenzangu ndio wamenimaliza. Wananijia mmoja mmoja kupitia mlango wa jikoni, kila mmoja na bakuli la viazi vya jibini kana kwamba nimefiwa, wananinong'oneza, "Nedra, tuko na wewe, ulisema tulichokuwa nacho mioyoni," halafu Jumapili darasani nikinyoosha mkono wote wanatazama viatu vyao. Friji langu limejaa viazi vya watu wanaoniunga mkono!

Usiniambie niondoke, dada zangu wa Salt Lake wameshaniambia. Ninalipenda kanisa hili. Bibi yangu alinihadithia jinsi mama yake alivyokuwa akiitwa kwa wajawazito, akiwawekea mikono na kuwapaka mafuta na kuwabariki kabla ya uchungu, na wanaume wakimfungulia mlango. Tunafundishwa kwamba tuna Mama mbinguni. Basi huyo Mama naye amekalishwa kwenye benchi?

Niseme uongo nimwone mwanangu akiolewa, au niseme kweli nikae nje ya ukuta? Nijibu upesi, na usiniambie niwe na subira.

Nedra

*

Nedra,

Sikuambii uwe na subira. Umekuwa nayo kwa miaka hamsini na minane, imetosha.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye lile swali la tumbo nilipiga meza mpaka mume wangu akauliza nani amefunga goli. Ulikuwa sahihi. Mtoto alikosa hewa, mama alikuwa hatua chache kutoka kwake, na kilichomzuia kilikuwa ni koti. Mtu mzima anayetoa ruhusa Alhamisi na kuifuta Jumapili kwenye ukumbi wa nje, familia imeshatoka Idaho, huyo halindi utaratibu wowote. Ameogopa, na woga wake kautupia kwa mama mwenye mtoto mgonjwa.

Sasa tuje kwenye kutubu. Unajua, na mimi najua, na askofu wako anajua, kwamba ili kupata kile kibali mtu huulizwa kama anajitahidi kuwa mkweli katika yote afanyayo. Wewe utasimama mimbarini useme uongo, ili upewe karatasi ya kuthibitisha kwamba husemi uongo? Usithubutu. Kama kuna unalojutia, litubie, hata kama ni ukali wa sauti yako. Usilolijutia liache. Mungu ana masikio, hahitaji kipaza sauti cha Ndugu Thorup.

Hilo ndilo jibu ulilolitaka. Sasa keti, maana na wewe nina la kukugombeza.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta Brynn. Nimemkuta askofu na anachosema, Garth na anachosema, majirani na viazi vyao, mpaka mama wa bibi yako marehemu nimemkuta. Bibi harusi hayumo! Harusi ni yake, Nedra. Askofu ameigeuza kuwa fimbo ya kukuchapia, na wewe umeidaka upande wa pili, mnavutana, na hakuna aliyemuuliza mwenye harusi anataka nini. Na Shaylene je? Alinyamaza kwenye ule ukumbi, ukasema ndivyo ulivyomlea. Umeshamwambia hivyo yeye? Au umeniambia mimi tu?

Kwa hiyo utafanya hivi. Utamchukua Brynn, nyinyi wawili tu, utamuuliza anataka nini, kisha utafunga mdomo. Usilie kabla hajajibu, maana machozi ya mama ni amri. Mkumbushe kwamba siku hizi anaweza kufunga ndoa mahali popote mbele ya kila anayempenda, kisha akaenda hekaluni bila kungojeshwa mwaka mzima kama enzi zetu. Akilitaka hilo, vizuri. Akitaka hekalu peke yake, utavaa gauni lako zuri, utakaa bustanini umenyoosha mgongo, na akitoka utampokea kwa uso mkunjufu. Hasira yako isimguse. Mwenye kustahili hasira hiyo ana jina na ana ofisi.

Halafu utapanda kwa kiongozi aliye juu ya askofu wako, ana kwa ana, siyo kwa minong'ono. Na atakayeanza kusema siyo wewe, ni Garth.

Garth, najua unasoma hapa, maana Nedra ataliweka gazeti hili juu ya sahani yako. Wewe ulikuwa ndani ya lile duara. Mkono wako ulikuwa chini ya yule mtoto. Ulipoambiwa usogee ulisogea, na hilo ndilo jambo la maana pekee ulilolifanya katika habari hii yote. Mke wako amekutetea mbele ya mama yako, mbele ya benki, na mbele ya wale vijana walioiba bata mzinga wako, usinibishie, kila mke wa mfugaji amefanya hivyo. Ofisini ukashindwa hata kukohoa. Unadhani amani ni nyumba isiyo na kelele. Mwenzako alitembea nyumbani kwa miguu kwenye baridi, na wewe ulikuwa na gari.

Na baraka ya Anders imaliziwe sebuleni kwao. Colter ni baba yake, anao ukuhani, anazo pumzi. Mama amshike mwanawe. Nani atapiga hodi kuhesabu mikono?

Hao wa viazi, wakija tena uwapokee kwa shukrani na uwaambie: nitakula, lakini Jumapili nikinyoosha mkono, na wewe unyooshe wako. Anayekataa arudi na bakuli lake.

Kuhusu kuondoka au kubaki, sitakuchagulia, wala wasikuchagulie dada zako wa Salt Lake, wala Ndugu Thorup na droo yake. Siku ukitaka kutoka, toka kwa sababu umeamua. Siku ukitaka kubaki, baki na mdomo wako.

Twila

*

*Barua ifuatayo ilitufikia mwezi wa sita. Shangazi Twila ameomba ichapwe nzima.*

Shangazi,

Gazeti nililiweka juu ya sahani, kama ulivyosema. Garth alilisoma, akalikunja, akaenda kwenye mabanda, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Brynn nilimpeleka kwa gari kununua soda yake ya krimu na nazi, tukaegesha pale pale, nikamuuliza. Nilitegemea anikumbatie. Akanipandishia sauti! "Mama, tangu mwezi wa pili nasubiri mmoja wenu aniulize! Mnaizungumzia harusi yangu kama mechi! Baba ananiambia nikuombe utubu, Shaylene ananiambia nimsusie askofu, na wewe unavunja vyombo! Tate ameniuliza kama bado nataka kuolewa au nataka kuhama mji!" Nikafunga mdomo, Shangazi. Ilinibidi niume mrija wa soda. Alipomaliza kulia akasema, "Nataka uwepo. Nataka na hekalu. Nataka vyote viwili, na sitaki kumwomba mtu yeyote msamaha." Nikamwambia hata mimi.

Kwa rais wa kigingi, yule aliye juu ya askofu, tulienda Jumatano. Garth alivaa tai. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kwa alichokisema, maana kabla hatujakaribishwa viti alisema, "Mke wangu hakukosea. Mimi nilikuwa na mkono chini ya yule mtoto, nikaona anabadilika rangi, nikasubiri mtu aniruhusu. Kama kuna wa kutubu kwenye habari ile ni mimi, na nitasimama mimbarini Jumapili nilieleze hilo kanisa zima. Askofu akipenda asimame karibu yangu." Rais akasema atalifikiria. Bado analifikiria. Kibali changu bado kiko kwenye droo, na nadhani kitazeeka huko.

Lakini Garth alisimama kweli Jumapili ile, akasema yale yale, akakaa. Askofu hakusimama. Wanawake wanne walisimama baada ya Garth, na mmoja wao alikuwa mke wa askofu.

Brynn aliolewa uani kwetu Ijumaa asubuhi, karani wa wilaya akawafungisha, upepo ukamwinulia Brynn shela mpaka kwenye uso wa karani, na harufu ya mabanda tuliivumilia wote. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Mchana walikwenda hekaluni, Garth akaingia nao, mimi nikakaa bustanini, na sitakudanganya, nililia kwa hasira, nikang'oa majani yao mazuri kwa ngumi. Kisha wakatoka nikasimama, nikanyoosha gauni.

Shaylene nilimwambia ulichonitaka nimwambie, kwamba nilimlea kunyamaza na kwamba nilikosea. Akasema, "Najua, Mama. Anders sitamlea hivyo."

Jumapili iliyopita tulikusanyika sebuleni kwao. Shaylene alikaa kwenye kiti cha kubembea, mtoto kifuani, mrija mahali pake, na sisi wote tukamzunguka, wanaume na wanawake, mikono ikashikana. Colter akaanza kusali. Akafika pale pa kuiombea afya ya mtoto, sauti ikamkatika, akajaribu tena, ikakataa. Garth akainamisha kichwa. Hakuna aliyejua nini kifuate, maana kwetu mwingine haruhusiwi kumalizia.

Shaylene akamalizia.

"Apumue," akasema, macho wazi, anamtazama mwanawe. "Apumue vizuri, akue, akimbie. Na asije akamwambia mwanamke yeyote akae chini. Amina."

Aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Garth.

Nedra